Barua ya Wazi kwa Wenye Star Wars: Nani Anajibu?

Kwenu wakuu wa Lucasfilm, kampuni inayotengeneza Star Wars, na kwenu wakuu wa Disney mlio juu yao,

Baada ya salamu, naanza na mhusika ambaye huenda hamjamfikiria siku nyingi. Katika Return of the Jedi, filamu ya Star Wars ya 1983, Lando Calrissian anairusha Millennium Falcon kwenda kuilipua Death Star ya pili, kituo cha kivita cha angani, na pembeni yake ameketi rubani msaidizi mwenye macho meusi makubwa na mashavu yaliyoning'inia. Jina lake Nien Nunb. Anaongea kwa kasi, anacheka, na Lando anamjibu kama mtu anayemwelewa vizuri kabisa. Watazamaji wengi duniani walidhani ile ni lugha ya kubuni. Wengine tulikaa wima kwenye viti: yule kiumbe anaongea Kikuyu! Sauti ile ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani wakati ule, na mlipomhitaji tena Nien Nunb kwa filamu ya 2015, mkamwita mwenye sauti yake arudi.

Star Wars niliijua kwenye kanda ya VHS iliyokuwa imepita mikono mingi kabla ya kunifikia, picha imejaa chenga, na Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha. Nilielewa nusu ya maneno na hadithi yote. Niliposikia maneno ya Kibantu ndani ya chombo cha angani nilirudisha kanda nyuma mara tatu, kisha nikawaza kwamba aliyeutengeneza ulimwengu huu ni mtu wa kuokota vitu popote anapovikuta, na kila alichokiokota kakipa kazi.

Mtu huyo alikaa pembeni tarehe 30 Oktoba 2012. Siku hiyo ilitangazwa kwamba George Lucas, akiwa na umri wa miaka 68, anawauzia Lucasfilm kwa dola bilioni 4.05. Kuuza ni haki yake na kununua ni haki yenu. Barua hii haiwaombi mumrudishe. Nitaeleza mbele kwa nini. Ninachouliza ni swali moja ambalo nimelibeba miaka kadhaa sasa bila kupata wa kunijibu. Tangu aondoke, ni nani anayejibu kwa ajili ya hadithi hii? Sizungumzii cheo, maana vyeo vipo vingi. Nazungumzia mtu ambaye jambo likiharibika tunajua ni lake, na likinyooka tunajua ni lake vilevile.

Chukueni upanga mmoja tu. Mwishoni mwa The Force Awakens, 2015, Rey, shujaa wa filamu mpya, anapanda ngazi za mawe hadi kileleni mwa kisiwa, anamkuta Luke Skywalker, yule Jedi aliyekuwa shujaa wa filamu za kwanza, anamnyooshea ule upanga wa mwanga uliokuwa wa baba yake Luke. Muziki unapanda, kamera inawazunguka, filamu inakwisha. Tukangoja miaka miwili kuona mzee atafanya nini. Ikaja The Last Jedi: Luke anaupokea upanga, anautazama, halafu anautupa nyuma ya bega kama ganda la ndizi. Mimi nilicheka kwa sauti. Niliyekaa naye hakunisemesha hadi taa zilipowashwa. Mwaka 2019, katika The Rise of Skywalker, Rey anautupa upanga uleule motoni, na mzimu wa Luke unatokea, unaudaka, unamwambia kwamba silaha ya Jedi inastahili heshima zaidi.

Pale Luke hakuwa akimwambia Rey. J.J. Abrams, mwongozaji wa ya 2015 na ya 2019, alikuwa akimjibu Rian Johnson, mwongozaji wa The Last Jedi, kwa fedha zenu, mbele yetu sisi tuliolipa kiingilio.

Na haikuwa upanga peke yake. Mwaka 2017 tunaambiwa wazazi wa Rey walikuwa watu wa kawaida tu waliomuuza kwa ajili ya pombe. Jambo zito, kwa sababu lilikuwa na maana kwamba Nguvu, ile nishati wanayoitumia Jedi, haina ukoo. Miaka miwili baadaye tunaambiwa ni mjukuu wa Mfalme Palpatine, adui mkuu wa filamu za kwanza. Palpatine mwenyewe tulimwona akitupwa shimoni 1983, na anarudi bila maelezo yanayoeleweka. Maandishi ya kufungulia filamu yanasema wafu wamenena, galaksi imesikia tangazo lake. Tangazo hilo lilisikika wapi? Ndani ya mchezo wa kompyuta wa Fortnite, siku chache kabla ya filamu kutoka. Aliyelipa tiketi bila kucheza Fortnite alikuta habari kubwa kuliko zote imeshapita. Kuna mtu aliketi mezani akasema hilo ni wazo zuri. Sijawahi kujua ni nani.

Wahenga wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ninyi hamkuwaweka hata chomboni pamoja. Mliwapa usukani kwa zamu, na kila aliyepokea aligeuza kwanza kule alikotoka mwenzake. Colin Trevorrow, aliyekuwa aongoze filamu ya tisa, iliyokuja kuwa The Rise of Skywalker, aliondoka Septemba 2017, na Abrams akaitwa kuja kuzima moto. Carrie Fisher, aliyemcheza Leia, alifariki tarehe 27 Desemba 2016 na kifo chake kikavuruga mengi. Hilo nalikubali bila ubishi. Lakini vita vya upanga havikuletwa na msiba.

Najua jibu mtakalonipa. Mtaniambia Lucas naye hakuwa na ramani. Ni kweli, na wapenzi wa Star Wars wenzangu hawapendi kuisikia. Leigh Brackett alipoandika rasimu ya kwanza ya The Empire Strikes Back, Darth Vader, adui wa Luke, hakuwa baba yake. Baba alitokea kando kama mzimu wa Jedi. Luke na Leia wanapigana busu katika filamu ya 1980, jambo ambalo hakuna mwandishi angeliweka kama tayari alijua ni ndugu. Lucas alikuwa akibadilisha mambo njiani kama mtu yeyote anayeandika.

Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye nani aliyebeba gharama ya kubadilisha. Kwa filamu ya kwanza alikubali malipo madogo ya uongozaji, akabaki na haki za miendelezo na za bidhaa, vitu ambavyo studio ya wakati ule haikuviona vina thamani kubwa. Ya pili aliilipia mwenyewe, kwa faida ya ile ya kwanza na mikopo ya benki. Bajeti ilipopanda, usingizi uliopaa ulikuwa wake. Alipoamua Vader awe baba, alijua ndiye atakayelazimika kulibeba jambo hilo filamu nzima iliyofuata. Hakukuwa na mtu wa kumwachia.

Na angalieni: kwenye filamu hiyohiyo ya pili hakuketi kwenye kiti cha mwongozaji. Alikiachia Irvin Kershner, na skripti ikawa ya Brackett na Lawrence Kasdan. Kwa hiyo mwanzilishi kukaa pembeni hakukuanza 2012. Kulianza 1980, na watu wengi, mimi nikiwemo, tunaihesabu ile kuwa filamu bora ya mfululizo mzima. Kershner aliwapa waigizaji nafasi ya kupumua; filamu inatulia, watu wanatazamana. Lucas alipojirudisha kitini mwaka 1999 tulipata hotuba za kodi za biashara na mapenzi yaliyoandikwa kama barua ya kuomba kazi. Hii ndiyo sababu siwaombi mumwite. Mtu anaweza kuwa baba wa ulimwengu mzima na bado awe mwandishi dhaifu wa mazungumzo.

Hapa nina deni la kulipa upande wetu pia. Wanaolia leo kwamba Lucas kaonewa ndio walewale, au watoto wao, waliomtukana mwaka 1999. Ahmed Best, aliyemcheza Jar Jar Binks, mhusika wa kuchekesha wa filamu ya 1999, alikuja kusimulia 2018 kwamba maneno ya watu yalimfikisha mahali pa kufikiria kujitoa uhai. Lucas mwenyewe, miezi michache kabla ya kuwauzia, aliliambia gazeti moja la Marekani kwamba haoni sababu ya kutengeneza nyingine wakati kila mtu anamfokea. Tulimfukuza kwa kelele halafu tukamwombolezea. Sisi si mashahidi safi katika kesi hii, na mna haki ya kutusikiliza kwa sikio moja.

Lakini sikio hilo moja litegeni.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. The Force Awakens iliingiza zaidi ya dola bilioni 2 duniani, na baada ya hapo ikawa filamu kila mwaka: 2015, 2016, 2017, 2018, 2019. Solo, hadithi ya ujana wa Han Solo, ilitoka Mei 2018, miezi mitano tu baada ya The Last Jedi. Waongozaji wake wawili, Phil Lord na Christopher Miller, walikuwa wamefukuzwa upigaji picha ukiwa umefika mbali, akaletwa Ron Howard, sehemu kubwa ikapigwa upya, na mwisho wa yote filamu ikaingiza chini ya dola milioni 400, hasara ya kwanza ya aina hiyo kwa Star Wars kwenye kumbi za sinema. Bob Iger, mkuu wa Disney wakati ule, alikiri mwaka huohuo kwamba mlitoa nyingi mno, haraka mno, na kwamba uamuzi wa ratiba ulikuwa wake. Niliposoma hayo nilimheshimu. Ilikuwa mara moja ambapo mtu alisema "ni mimi".

Iger huyohuyo ameandika katika kumbukumbu zake za 2019 kwamba Lucas aliwapa muhtasari wa filamu tatu, mkaununua bila kujifunga kuutumia, na kwamba Lucas alijiona amesalitiwa alipogundua mmeuweka kando. Kuuweka kando halikuwa kosa. Mrithi si lazima alime shamba kwa mistari ya marehemu, na huyu yu hai. Kosa ni kuutupa mpango wa mzee halafu msiandike wenu. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kisha likaja jambo la matangazo. Utatu mpya wa Rian Johnson ulitangazwa Novemba 2017. Filamu za David Benioff na D.B. Weiss zikatangazwa Februari 2018. Wenyewe wakajitoa 2019. Filamu ya marubani ya Patty Jenkins ilitangazwa Desemba 2020, ikapewa hadi tarehe ya kutoka, ikaondolewa kwenye ratiba. Ya Taika Waititi ilitangazwa 2020. Ya Rey, chini ya Sharmeen Obaid-Chinoy, ilitangazwa London Aprili 2023, Daisy Ridley akapanda jukwaani, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Sihitaji kuwaeleza ngapi kati ya hizo nimeziona. Skripti kufa ni jambo la kawaida katika kazi hii, na nyingi zinastahili. Ila skripti iliyokufa kabatini haimuumizi mtu. Ninyi mnafanya harusi kabla ya posa, halafu kila baada ya muda mnatuita tena kwenye harusi nyingine ya bwana mwingine.

Sasa niwape haki yenu, kwa sababu mnayo, na ni kubwa kuliko mnavyojua kuitumia.

Andor. Tony Gilroy, mwandishi, alikuja kwenu kurekebisha Rogue One, filamu ya 2016, na alisema waziwazi kwamba hakuwahi kuwa mpenzi wa Star Wars. Mkampa tamthilia. Ilipangwa iwe ya misimu mitano. Akaona hawezi kuifikisha huko akiwa na nguvu zake, akaikata iwe miwili, vipindi 24, na huo msimu wa pili akaupanga vipindi vitatu kwa kila mwaka wa hadithi hadi tunafika mlangoni mwa Rogue One. Mwisho wake tulikuwa tunaujua tangu 2016: Cassian Andor anakufa ufukweni akiwa amekumbatiana na Jyn Erso. Alianza na mwisho mkononi, na hakuna aliyemlazimisha kuubadilisha.

Nataka nikae hapa kidogo. Kuna vipindi vya gereza la Narkina 5, ambako wafungwa wanaunganisha vipande vya mashine usiku na mchana, sakafu zinapitisha umeme, meza inayoshindwa inaadhibiwa. Hakuna anayewaambia wanatengeneza nini. Kino Loy, mfungwa aliyepewa usimamizi, anaanza akiwa mtu wa kuwasukuma wenzake, anahesabu siku zake za kutoka. Anapogundua kwamba hakuna anayetoka, anashika kipaza sauti na kuwaamsha maelfu ya wafungwa. Wanakimbia, wanafika ukingoni, chini ni maji kila upande. Wenzake wanaruka. Yeye anasimama na kusema hajui kuogelea. Basi. Hatumwoni tena. Hakuna mzimu wa kumdaka, hakuna ukoo wa kifalme, hakuna upanga. Halafu, baada ya majina ya kipindi cha mwisho cha msimu kupita, tunaonyeshwa vile vipande vikifungwa mahali pake: ni Death Star. Wamejenga kwa mikono yao silaha itakayomuua Cassian.

Hicho ni kitu ambacho Lucas hakukiandika na asingekiandika. Na bado ni chake hadi kwenye mfupa, kwa sababu filamu ya 1977 tangu mwanzo ilikuwa inahusu watu wadogo na mashine kubwa. Gilroy hakuiga sauti ya mzee. Alisikiliza mzee alikuwa anazungumzia nini, akaongea kwa sauti yake. Na Andor tukiisifu, tunajua tunamsifu nani. Kama ingeharibika, tungejua tunamlaumu nani. Ndicho ninachokiomba, na mmekwisha kukifanya mara moja, kwa hiyo msiniambie hakiwezekani.

Dave Filoni nimemfuata tangu katuni ya The Clone Wars, alipofanya kazi bega kwa bega na Lucas, na sina shaka kwamba anaipenda hadithi hii na kuijua kuliko mtu yeyote jengoni kwenu. Hofu yangu kwake ni ndogo lakini ipo. Mwanafunzi mzuri hutaka kuunganisha kila kitu: yule wa katuni akutane na huyu wa tamthilia, yule aliyetajwa kipindi cha tatu apewe tamthilia yake. Kila uzi ukifungwa, galaksi inakuwa ukumbi mmoja ambao watu walewale wanapishana mlangoni. Kino Loy alikuwa mzuri kwa sababu hakuwa binamu wa mtu.

Kuhusu waliokufa nitasema machache. Peter Cushing, mwigizaji wa filamu ya 1977, alifariki 1994 na 2016 mkamrudisha kwa kompyuta, familia yake ikiwa imeridhia. Leia wa 2019 mlimshona kwa vipande vya picha vilivyobaki. James Earl Jones, sauti ya Darth Vader, aliridhia mwenyewe sauti yake itengenezwe kwa mashine kabla hajafariki 2024, na Mark Hamill, aliyemcheza Luke na aliye hai, mkamvika sura ya ujana katika tamthilia ya The Mandalorian. Kila moja ina maelezo yake. Ukizipanga pamoja, unaona nyumba inayoogopa sura mpya. Kathleen Kennedy, akiongoza Lucasfilm, alisema 2022 kwamba somo la Solo ni kwamba wahusika wale hawawezi kupewa waigizaji wengine. Nadhani somo hilo limesomwa kinyume. Alec Guinness alikuwa Obi-Wan, mzee wa Jedi aliyemfundisha Luke, hadi mifupani, na 1999 akaja Ewan McGregor, na leo kuna watu wazima ambao kwao McGregor ndiye Obi-Wan. Solo haikuanguka kwa sababu ya kijana aliyemcheza Han. Iliangushwa na hayo niliyoyataja juu.

Kuna la 1977 pia. Machi 1988 Lucas alisimama mbele ya Bunge la Marekani akawatetea wasanii dhidi ya studio zilizokuwa zikizitia rangi filamu za zamani, akasema wanaobadilisha kazi za sanaa kwa ajili ya faida au kuonyesha mamlaka ni washenzi. Miaka tisa baadaye akaibadilisha yake mwenyewe, akaongeza viumbe vya kompyuta na kumfanya Greedo, mwindaji aliyetumwa kumkamata Han Solo, afyatue risasi kabla ya Han, na ile iliyotoka mwanzo ikawa ngumu kuipata kwa ubora wa maana. Mimi ile kanda yangu yenye chenga niliihifadhi kwa sababu hiyo tu. Mmetangaza kwamba 2027, filamu ikitimiza miaka 50, mtairudisha kwenye kumbi za sinema kama ilivyotoka 1977, ikiwa imesafishwa upya. Ahsanteni kwa moyo wangu wote. Msiirudishe kabatini baada ya hapo. Iuzeni kwenye diski, iwekeni kwenye huduma yenu ya utiririshaji, pembeni ya zile zilizobadilishwa, mtu achague. Hapa ndipo kukaa pembeni kwa mwanzilishi kumekuwa neema, kwa sababu kazi ile ilihitaji kulindwa hata na yeye.

La mwisho ndilo linaloniuma. Kelly Marie Tran alimcheza Rose katika The Last Jedi na mwaka 2018 akafuta picha zake zote Instagram baada ya miezi ya matusi, mengi yakiwa ya ubaguzi. Filamu iliyofuata ikamwacha na dakika moja na ushee tu. Huenda ilikuwa sababu ya hadithi tu, kubana muda, mambo ya mhariri. Lakini waliomtukana waliona wameshinda, na hakuna aliyejitokeza kuwaambia hapana. John Boyega, mwigizaji wa filamu hizohizo, alilalamika hadharani 2020 kwamba yeye na wenzake wasio wazungu walitangazwa kama nguzo halafu wakasukumwa pembeni. Mwaka 2022 Moses Ingram, mwigizaji wa tamthilia ya Obi-Wan Kenobi, alipotukanwa, mlisimama naye waziwazi, mara moja. Kwa hiyo mnajua namna ya kufanya. Pale palikuwa na mtu wa kujibu.

Ombi langu ni hili. Kabla hamjatangaza filamu nyingine yoyote, iwe na skripti iliyokamilika, iwe na jina la mtu mmoja mwenye kuibeba kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na mwisho huo awe anaujua. Ikiwa ni filamu tatu, zote tatu awe nazo yeye, au awepo mmoja juu ya waongozaji mwenye uwezo wa kusema "hapana, upanga hatuugusi tena". Akikosea, tutamwambia amekosea. Akipatia, mwacheni aondoke bila kumlazimisha msimu mwingine.

Na nina swali dogo la kumalizia. Katika The Rise of Skywalker, kwenye vita vya Exegol, Palpatine anarusha radi angani na vyombo vya waasi vinaanza kuanguka. Kimoja ni Tantive IV, na ndani yake yumo Nien Nunb. Alinusurika Death Star mwaka 1983, akarudi 2015 na sauti yake ileile, na mwaka 2019 akafa katikati ya vurugu. Sikumwona anayemtaja jina, wala kusikia neno lake la mwisho kwa lugha yoyote. Niliondoka ukumbini bila kujua kwamba amekufa. Nilikuja kuambiwa baadaye. Mwenye sauti ile alistahili angalau sentensi moja. Kama yupo mtu kwenu aliyelikalia jambo hilo na kuliamua, ningependa anijibu yeye mwenyewe.

Wenu,
Mtazamaji wa siku nyingi